Kuponi Inampunguzia Nani Gharama?

Mapema mwaka 1996, kampuni ya Procter & Gamble, inayotengeneza sabuni ya unga ya Tide na nepi za Pampers, iliacha, kwa jaribio, kutoa kuponi za punguzo katika miji mitatu ya jimbo la New York: Buffalo, Rochester na Syracuse. Sababu yake ilieleweka bila shida. Katika kila kuponi 100 zilizochapishwa Marekani wakati huo, takriban 2 tu ndizo zilizorudi dukani. Zilizobaki ziliishia jalalani pamoja na magazeti ya Jumapili yaliyozibeba. Kampuni ikaona heri pesa za uchapishaji zishushe bei rafuni, ili kila mnunuzi apate nafuu bila kushika mkasi.

Wakazi wa miji ile walikuja juu. Walikusanya saini, walisusia bidhaa za kampuni, na wanasiasa wakaitisha vikao vya kusikiliza malalamiko. Ilipofika Aprili 1997, kampuni ilisalimu amri na kulifunga jaribio kabla ya muda wake. Mwaka huohuo, P&G na kampuni nyingine kadhaa zilikubali kulipa dola milioni 4.2 ili kuyamaliza madai ya mwanasheria mkuu wa jimbo kwamba zilikuwa zimeshauriana kuondoa kuponi. Hazikukiri kosa.

Inakuwaje mtu aikatae bei ya chini kwa wote ili abaki na karatasi ya senti 50? Kisa cha miji ile mitatu kinaonyesha kwamba kuponi ina mambo mawili yaliyofungamana: pesa inayobaki mfukoni, na raha ya kuona umeshinda. Mwenye kutaka kujua kama kuponi zinaiokolea kaya pesa hana budi kuyatenganisha mambo hayo, kisha aitazame pesa peke yake.

Kuponi si jambo jipya. Mwishoni mwa miaka ya 1880, mjini Atlanta, Coca-Cola ilianza kugawa tiketi za kumpa mtu glasi moja ya kinywaji hicho bure. Inakadiriwa kwamba kati ya 1894 na 1913 glasi milioni 8.5 zilinywewa kwa njia hiyo. Baada ya hapo watengenezaji wa nafaka za kifungua kinywa waliifuata njia hiyohiyo, kisha wa sabuni, kisha karibu kila kiwanda kinachofunga bidhaa kwenye boksi. Mwaka 1972 kampuni ya Valassis ilianza kuchapisha kurasa za rangi zilizojaa kuponi na kuzipachika ndani ya magazeti. Tangu hapo, Jumapili ya familia nyingi za Marekani ikawa na mkasi mezani.

Safari ya karatasi hiyo inaeleza mengi kuhusu anayeigharamia. Mteja anaikata, anaikabidhi kaunta, na bei inapungua palepale. Duka linazikusanya kuponi na kuzituma kwenye vituo vya kuzichambua. Kwa miaka mingi mamilioni ya vikaratasi hivyo yamevushwa mpaka hadi Meksiko, kwenye miji kama Ciudad Juárez, ambako mikono ya wafanyakazi inavipanga kimoja kimoja. Mwishowe mtengenezaji analirudishia duka thamani ya kila kuponi, na kuongeza senti 8 za usumbufu. Chini ya kuponi nyingi kuna maandishi madogo yanayosema kwamba thamani yake ya fedha ni sehemu ya 1 kwa 100 ya senti. Maneno hayo ni mabaki ya sheria za baadhi ya majimbo zilizotaka kila stempu au tiketi ya biashara iwe na thamani ya fedha, hata ikiwa ndogo kiasi gani.

Kampuni inakubali gharama zote hizo kwa sababu kuponi inaifanyia kazi moja ambayo bei ya rafuni haiwezi kuifanya: inawatenga wanunuzi katika makundi mawili. Aliyewahi kununua khanga Kariakoo bila bei kuandikwa anaifahamu kazi hiyo. Muuzaji anamtazama mteja viatu, anamsikiliza lafudhi, anapima haraka zake, kisha anataja bei. Mwenye muda na ulimi anaishusha. Mwenye haraka analipa alivyoambiwa. Supamaketi haina nafasi ya kupatana na kila mtu, kwa hiyo bei yake imebandikwa na ni moja. Kuponi inaurudisha mlango wa kupatana. Anayejali senti 50 atakaa akate karatasi. Asiyejali atalipa bei kamili. Mtaalamu wa masoko Chakravarthi Narasimhan aliieleza nadharia hiyo mwaka 1984, na mpaka leo ndiyo maelezo yanayotajwa kwanza katika masomo ya biashara.

Kwa maelezo hayo, mwenye mkasi anapata nafuu, na asiyekuwa nao ndiye anayeigharamia. Wengi wanakwenda mbele zaidi na kuamini kwamba kampuni inapandisha bei kwanza, ndipo inatoa kuponi ya kuirudisha palepale ilipokuwa. Shaka hiyo ina haki ya kupimwa. Wanauchumi Aviv Nevo na Catherine Wolfram walifanya hivyo kwa nafaka za kifungua kinywa za Marekani, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2002 yaliwashangaza wengi: katika vipindi ambavyo kuponi za chapa fulani zilikuwa mitaani, bei yake rafuni ilielekea kushuka. Ushindani ulikuwa umepamba moto, na kampuni zilitumia kuponi na bei kwa pamoja kunyang'anyana wateja. Kwa bidhaa hiyo, basi, punguzo halikuwa kiini macho.

Ushahidi wa Uingereza unaelekea upande huohuo. Huko kuponi za karatasi zimepitwa na kadi za uanachama: mteja akiionyesha kadi, bei ya bidhaa inashuka, asipokuwa nayo, analipa ile ya juu. Mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilichunguza takriban bidhaa 50,000 zenye bei za namna hiyo, na Novemba 2024 ikatangaza kwamba asilimia 92 ya bei hizo zilikuwa nafuu ya kweli ikilinganishwa na bei ya kawaida ya duka lilelile. Wakati huohuo, asilimia 55 ya wanunuzi waliohojiwa waliamini kwamba bei ya kawaida hupandishwa ili bei ya kadi ionekane ndogo. Lakini mamlaka iliongeza tahadhari: bei ya kadi katika duka moja inaweza kuwa juu kuliko bei ya kawaida ya duka jingine. Ikawashauri watu wazunguke na kulinganisha.

Tahadhari hiyo ndiyo kiini cha suala zima. Punguzo linapimwa dhidi ya bei ya bidhaa ileile, kwenye duka lilelile. Matumizi ya kaya yanapimwa dhidi ya kila kitu ambacho familia ingeweza kununua, au kuacha kununua. Vipimo hivyo ni viwili, na kuponi inaonyesha kimoja tu.

Tuchukue hesabu ya mfano, tuiweke mezani. Boksi la konifleksi za chapa maarufu ni dola 4.50. Kuponi inasema: punguzo la dola 1 ukinunua maboksi mawili. Familia inanunua mawili, inalipa dola 8 badala ya 9, na risiti inaandika kwa herufi nzito kwamba imeokoa dola 1. Hatua tatu kutoka pale, kwenye rafu ya chini, kuna konifleksi zilizofungwa kwa jina la duka lenyewe, dola 2.60 boksi, uzito uleule. Maboksi mawili ya hizo ni dola 5.20. Familia iliyotumia kuponi imetoa dola 2.80 zaidi kuliko iliyopita bila kuitazama. Na ikiwa wiki hiyo nyumba ilihitaji boksi moja tu, imetoa dola 8 mahali pa dola 2.60. Hakuna mstari wa risiti unaoandika hasara hiyo.

Sasa tuigeuze. Mpishi wa familia anaiweka kuponi ileile kwenye bahasha na kusubiri. Wiki tatu baadaye duka linashusha konifleksi hizo hadi dola 2.50. Ananunua maboksi mawili kwa dola 5, anatoa kuponi, analipa 4. Kila boksi limemgharimu dola 2, chini ya lile la jina la duka. Nyumbani kwake konifleksi huliwa kila siku na hazitaharibika kwa mwezi mzima. Huyu ameokoa pesa bila ubishi. Karatasi ni ileile. Kilichobadilika ni siku ya kuitumia, na kwamba alikuwa tayari na haja ya kile kitu.

Waliobobea hufanya hivyo kila wiki. Mwishoni mwa 2010 kituo cha televisheni cha TLC kilianza kuwaonyesha katika kipindi cha Extreme Couponing: watu waliopakia mikokoteni miwili mitatu, bili ikasoma mamia ya dola, kisha ikashuka kuponi zilipoanza kupita kwenye mashine mpaka ikakaribia sifuri. Kipindi kilikuja wakati familia nyingi zilikuwa bado zinajikwamua kutoka mtikisiko wa uchumi wa 2008 na 2009, na wengi waliiga. Ukiitazama kwa karibu, mikokoteni ile ilikuwa na vitu vya aina moja: dawa ya meno, sabuni, mchuzi wa chupa, vitafunwa, vinywaji. Mtu akishajaza gereji chupa 60 za mchuzi, hajapunguza gharama za chakula cha jioni. Bado atakwenda kununua nyama, mboga na matunda, kwa bei kamili.

Hapo ndipo kuponi inapowaacha walaji wengi, hasa wanaopika. Mwaka 2014 watafiti wawili wa California walichapisha uchunguzi wa kuponi 1,056 zilizotolewa mtandaoni na maduka makubwa ya chakula ya Marekani. Robo nzima, asilimia 25, zilikuwa za vitafunwa vya viwandani, peremende na vitamutamu. Mboga zilipata asilimia 3. Nyama isiyosindikwa na matunda ziliambulia takriban asilimia 1, au chini ya hapo. Sababu haihitaji mtaalamu. Kuponi inalipwa na mwenye chapa, na kichane cha ndizi hakina chapa ya kupigania. Mkulima wa mchicha hana bajeti ya kuchapisha karatasi za rangi.

Mjini Lexington, Kentucky, wanaishi watu wengi waliotoka Kongo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika sana mjini humo. Kikapu cha familia kama hizo kinajulikana: unga wa mahindi, mchele wa gunia, maharage, sombe, dagaa, vitunguu, mafuta ya kupikia, ndizi. Mama wa nyumba hiyo akifungua bahasha ya kuponi iliyoletwa mlangoni, atakuta chipsi, soda, pizza ya barafu na nafaka za watoto zenye sukari. Akiamua kuzitumia ili asipitwe na nafuu, atakuwa ameongeza vitu vipya kwenye kikapu kabla hajaondoa hata kimoja. Kwake punguzo lina maana kwenye vitu vichache: nepi, sabuni ya unga, dawa ya meno, maziwa ya kopo ya mtoto. Vitu hivyo anavinunua kila mwezi hata kama hakuna anayemshawishi.

Kuongezeka kwa kikapu si dhana tu. Mwaka 2002 watafiti Carrie Heilman, Kent Nakamoto na Ambar Rao walichapisha jaribio walilolifanya dukani: baadhi ya wanunuzi walipewa kuponi ya ghafla wakiwa tayari wamo ndani, kwa kitu walichokuwa wamepanga kununua. Ingetarajiwa kwamba dola iliyookolewa ingerudi nyumbani. Badala yake, waliopewa kuponi walinunua vitu vingi zaidi ambavyo hawakuvipanga kuliko wale ambao hawakupewa. Moyo ukichangamka, mkono unalegea. Duka lililotoa senti kadhaa kwenye bidhaa moja lilizipata kwenye bidhaa nyingine.

Muda nao ni gharama. Mtu anayetumia saa 3 kwa wiki kukusanya, kupanga na kulinganisha kuponi, akaokoa dola 15, amejilipa dola 5 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kimekuwa dola 7.25 kwa saa tangu 2009. Hesabu hiyo inawavunja moyo wengi, lakini isichukuliwe kama neno la mwisho. Mzazi anayelea mtoto mchanga hawezi kuziuza saa hizo tatu kwa mwajiri yeyote, na pesa aliyoiokoa haikatwi kodi. Kwake dola 15 ni dola 15. Mfanyakazi wa zamu mbili, ambaye ndiye anayeihitaji zaidi hiyo pesa, hana hata nusu saa ya kukaa na mkasi.

Na siku hizi mkasi wenyewe unaondoka. Kuponi zimehamia kwenye simu: mteja anafungua programu ya duka, anabonyeza kila ofa anayoitaka, anaingiza namba yake kaunta. Asiyekuwa na simu janja, au mzee asiyezoea kuitumia, anasimama mbele ya rafu iliyoandikwa bei ya chini kwa herufi kubwa, kisha kaunta anatozwa bei ya juu. Jiji la San Diego liliona kasoro hiyo, na mwaka 2025 likapitisha kanuni ya kuyataka maduka ya chakula yanayotoa kuponi za kidijitali yawe na njia ya karatasi pia kwa wateja. Upande wa pili wa simu kuna biashara nyingine. Kila kuponi iliyobonyezwa inaliambia duka nani ananunua nini, siku gani, na kwa bei gani alishawishika. Mteja wa gazeti la Jumapili hakuwa akiacha alama hiyo.

Gharama nyingine inakaa mahali pasipoonekana. Mwaka 2021 mwanamke mmoja wa Virginia Beach alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza kuponi bandia zilizowasababishia maduka na viwanda hasara ya zaidi ya dola milioni 31. Hasara za namna hiyo, pamoja na uchapishaji, usafirishaji na uchambuzi wa karatasi, zinaingia kwenye gharama za kuuza bidhaa, na gharama za kuuza hutafuta bei ya kukalia. Duka la Aldi, lenye asili ya Ujerumani, lilichagua njia nyingine liliposambaa Marekani: halipokei kuponi za viwandani. Linauza bidhaa chache, nyingi kwa jina lake lenyewe, kwa bei ndogo siku zote, na limekua mpaka kuwa na maduka zaidi ya 2,000 nchini humo. Wateja wake wamepiga kura kwa miguu.

Hata hivyo bei moja ya haki haitoshi kila mahali. Februari 2012 Ron Johnson, mkuu mpya wa maduka ya nguo na vyombo ya JCPenney, alifuta karibu kuponi zote na kuweka bei za chini za kudumu. Mauzo ya mwaka huo yalianguka kwa robo, na Aprili 2013 aliondolewa kazini. Wateja waliozoea kuambiwa wameokoa kiasi fulani hawakuiona nafuu ilipokosa mtu wa kuitaja. Wakazi wa Buffalo walikuwa wamesema jambo hilohilo miaka 15 nyuma.

Afrika Mashariki haikupitia zama za mkasi. Mapunguzo yake yalikuja kwa sura nyingine: kadi za pointi, ofa za mwisho wa mwezi, na vipeperushi vya nunua mbili upate moja. Nchini Kenya, kadi ya pointi ya Nakumatt ilikuwa kwenye pochi za maelfu ya familia za mjini. Duka hilo lilipoelemewa na madeni na wadai kupiga kura ya kulifilisi Januari 2020, pointi zilizokuwa zimelimbikizwa zilibaki namba tu, kwani hapakuwa tena na kaunta ya kuzibadilisha. Pointi ni deni ambalo duka linadaiwa na mteja. Anayezilimbikiza miaka miwili akingojea zawadi kubwa amelikopesha duka pesa yake bila riba wala dhamana.

Swali la nani anaigharamia ofa nalo limejibiwa Kenya, tena kwa maandishi ya serikali. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni ya Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini humo, faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu yake ya ununuzi dhidi ya wagavi wawili: Pwani Oil, inayouza mafuta ya kupikia, na Woodlands, inayouza asali. Miongoni mwa yaliyolalamikiwa ni makato ya lazima kwenye malipo ya wagavi na kudaiwa bidhaa za bure. Mamlaka iliagiza wagavi hao warudishiwe karibu shilingi milioni 16.8. Kampuni ilikata rufaa. Shauri hilo lilianika hadharani kitu ambacho mnunuzi hakioni akiwa mbele ya rafu: nafuu iliyobandikwa na duka inaweza kuwa imetoka mfukoni mwa anayelileta gunia au chupa.

Wakazi wengi wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, lakini, hawali kutoka kwenye rafu hiyo. Kibarua anayelipwa jioni ananunua kwa kadogo: mafuta ya kupima ya shilingi hamsini, sukari robo, kipande cha sabuni ya mche, majani ya chai ya kutosha birika moja. Akijumlisha mwezi mzima, kilo yake ya sukari imemgharimu zaidi kuliko ya jirani aliyebeba mfuko wa kilo mbili. Ofa ya mafuta ya lita 5 haimhusu, kwa kuwa hana pesa ya lita 5 siku yoyote ile. Punguzo la supamaketi lina kiingilio, nacho ni fedha taslimu ya mkupuo. Anachopata yeye ni nafuu ya aina nyingine kwa Mangi, mwenye duka wa mtaani: kuandikwa kwenye daftari la mkopo mpaka Ijumaa, na nyongeza ya nyanya mbili sokoni kwa kuwa ni mteja wa siku zote. Nafuu hizo hazina risiti, ila zinagusa kitu anachokula leo.

Tanzania iliwahi kuendesha kuponi kubwa yenye jina zuri kuliko yote, na mafunzo yake yanafaa hata kwa mnunuzi wa konifleksi. Kuanzia 2004 mama mjamzito aliyehudhuria kliniki alipewa Hati Punguzo ya kununulia chandarua chenye dawa. Aliipeleka dukani, hati ikalipia sehemu ya bei, naye akaongeza iliyobaki. Kliniki ziligawa hati kwa wingi, maduka ya mitaani yakajaza vyandarua, na mamilioni ya familia yalipata. Watafiti walipofuatilia, waligundua kwamba wanawake maskini zaidi walikuwa nyuma katika kuitumia hati hiyo. Walikuwa nayo mkononi. Walichokosa ni ile pesa ya kuongezea, ambayo ilitofautiana duka kwa duka. Mwaka 2009 mpango ulirekebishwa, na kiasi cha kuongeza kikawekwa shilingi 500 kila mahali. Mpango uliendelea hadi 2014.

Waendeshaji wa Hati Punguzo walichukua miaka mitano kuhamisha macho kutoka kwenye kiasi kilichokatwa hadi kwenye kiasi kilichobaki kulipwa. Mnunuzi anaweza kufanya hivyo kwa dakika moja, mbele ya rafu, kwa kujiuliza: baada ya punguzo, natoa shilingi ngapi, kwa kilo ngapi, na je, kitu hiki kilikuwa kwenye orodha yangu kabla sijaiona ofa?

Hukumu, basi, inagawanyika kwa kaya. Kuponi na kadi za punguzo zinaiokolea pesa familia inayonunua bidhaa za viwandani za kudumu mara kwa mara, yenye mahali pa kuhifadhi, yenye fedha ya kununua kabla ya haja kufika, na iliyo tayari kuibadili chapa pindi ya jirani inapokuwa nafuu. Zinaiongezea gharama familia inayoingia dukani bila orodha. Na kwa familia inayokula unga, maharage, mboga na samaki wa soko, zina faida kidogo sana, kwa sababu hazikutengenezwa kwa ajili ya kikapu hicho.

Kuna hatua moja ambayo ingewafaa wote kuliko kuponi yoyote, na haihitaji simu wala mkasi. Maduka makubwa ya Uingereza na ya nchi za Umoja wa Ulaya yanatakiwa kisheria kuandika bei ya kila kilo au lita karibu na bei ya paketi. Mnunuzi anaona papo hapo kwamba mfuko wa gramu 400 uliopunguzwa bado ni ghali kuliko wa gramu 900 usiopunguzwa. Mamlaka za ushindani na za vipimo za Kenya, Tanzania na Uganda zilifanye jambo hilo kuwa la lazima katika kila supamaketi, kwa herufi zinazosomeka na mzee asiye na miwani. Wakati hilo likisubiriwa, msomaji na achukue risiti za miezi miwili, aziweke sambamba, aupite mstari unaosema ameokoa kiasi gani, na alinganishe mistari ya jumla.